Bega la Kisu

Kisu kilikuwa butu, na miche ilikuwa inakufa.

Maximilla alikuwa ameunganisha miche sitini ya avokado. Wiki ya nne ilipofika, arobaini na moja ilikuwa imekauka. Vikonyo vilisimama juu ya miche vikiwa vyeusi, kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unachukua mche wa avokado ya kienyeji, wenye mizizi ya nguvu. Unakata kichwa chake, kisha unapasua shina kidogo katikati. Halafu unachukua kikonyo, yaani kijiti kichanga kutoka kwenye mti wa Hass, ile avokado ambayo wanunuzi wanaitaka. Unakichonga pande mbili kiwe kama kabari. Unakiingiza kwenye ule mpasuko na kufunga kwa utepe wa plastiki. Ukikata vizuri, vidonda viwili hushikana na kuwa mti mmoja. Ukikata vibaya, kikonyo hukauka.

Maximilla alijua kukata. Alifundishwa na baba yake, aliyetunza miche miaka thelathini kwenye shamba moja kubwa la Moi's Bridge. Baba alipofariki, kila mtoto alipewa kitu. Kaka zake waligawana ng'ombe. Maximilla alipewa kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao.

Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, huko Kimumu. Juu alikuwa ametandaza neti ya kijani ya kuzuia jua. Mchana, jua lilipopenya neti ile, mwanga wa chini ulikuwa kama wa ndani ya maji. Hata sauti za jirani zilifika pole pole, kana kwamba zinatoka mbali. Mara nyingi Maximilla alikaa pale juu ya debe, akasahau saa. Akawa anaona mikono ya baba. Mikono ile haikusukuma kisu. Kisu kilipita chenyewe kwenye kijiti, na ganda likadondoka bila sauti.

Jumanne moja alichukua kikonyo kimoja, akajaribu. Kisu kiliteleza juu ya ganda. Akakaza mkono. Kikaingia kwa kuruka. Alipoangalia alama ya mkato, ilikuwa na nyuzi nyuzi, kama muwa uliotafunwa.

"Mama Linah, si nilikuambia?" Mume wake Walubengo alikuwa amesimama nje ya neti, shati limejaa vumbi la mahindi. Alikuwa mpakiaji kwenye ghala la nafaka. "Hiyo kisu imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekukataa wewe. Kisu ya mzee imezoea mkono ya mwenyewe. Mwenyewe ameenda, sasa imenuna."

"Kisu kinanuna, Baba Linah?"

"Wewe niambie! Nimeinoa mara ngapi? Jumapili nimeinoa mpaka kanisa ikaanza bila mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Nyumbani kwao, kila chuma chenye makali kilinolewa na Walubengo, na kilinolewa mahali pamoja. Ilikuwa ngazi ya saruji ya mlango wa jikoni. Alimwaga maji, akainamisha panga, akasugua kwa nguvu mpaka panga likawa tayari kukatia ng'ombe majani. Ngazi ile ilikuwa imelika katikati, ikawa na bonde. Majirani wote wa ploti walinoa hivyo. Na kile kisu cha baba nacho kilipitishwa kwenye bonde lile, kila Jumapili, kwa miezi minane.

"Vikonyo vingine vinakuja Jumamosi," Maximilla alisema. "Ni vya mwisho. Mvua ikiisha hakuna kuunganisha tena mwaka huu. Bwana Isaiah wa Moiben ananingojea miche. Nikimwambia mara ya pili kwamba imekauka, hatarudi. Na hakuna mwingine atakayekuja baada yake. Nitafunga kitalu."

Walubengo alijikuna shingo. Alimpenda mke wake, na hakupenda kumwona akiongea hivyo.

"Niachie mimi," akasema.

Asubuhi ya Jumatano aliondoka na kisu mfukoni. Jioni alirudi akitabasamu. Alikiweka juu ya meza, kwa sababu kwao kisu hakipeanwi mkono kwa mkono. Anayekitoa hukiweka chini, anayekitaka hukiokota.

"Nimepeleka kwa kijana fundi ya jua kali, ako na mashine ya kunoa ya stima. Dakika moja tu! Cheche zinaruka kama Krismasi."

Maximilla alikikunjua. Makali yaling'aa. Lakini ncha ya kisu, ile aliyoitumia baba kuinulia ganda, ilikuwa na rangi ya bluu, kama shingo ya njiwa. Alikata kikonyo. Kisu kilikata vizuri. Akakata cha pili. Kilikata. Cha tano, zile nyuzi zikarudi.

Alichukua kisu na kikonyo kilichotafunwa, akatoka.

Nyumba ya tatu kutoka kwao kulikuwa na karakana ya useremala. Mwenyewe aliitwa Mwihaki, lakini watu walimwita Mama Ciku. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitengeneza milango na vitanda. Wateja wapya walipofika walimuuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu kwamba fundi amekwenda kula, wangoje, kisha akaendelea kupiga randa mbele yao mpaka wakaelewa wenyewe.

Jioni ile mwanga wa jua ulikuwa unaingia karakana kwa pembeni, na vumbi la mbao lilielea ndani yake bila kushuka. Maximilla alisimama mlangoni kidogo akilitazama.

"Ingia au utoke," Mama Ciku alisema. "Unaniletea baridi."

Maximilla aliweka kisu kwenye meza ya kazi. Mama Ciku alikiokota, akakigeuza, akakisogeza karibu na pua.

"Haiya! Hii ni kisu ama ni kijiko?"

"Kilikuwa cha baba."

"Baba yako hakuiacha hivi. Nani ameifanya hivi?"

Maximilla alikiweka kile kikonyo kilichotafunwa kando ya kisu.

"Ni Walubengo," Mama Ciku akajijibu. "Huwa namsikia Jumapili. Kwaruu, kwaruu. Nilidhani anachimba choo."

Maximilla alicheka, ingawa hakutaka. Kisha akauliza lile lililokuwa moyoni. "Mama Ciku, Baba Linah anasema kisu kimenuna. Kwamba kinamtaka mwenyewe. Mimi siamini. Lakini wakati mwingine nikiwa peke yangu pale chini ya neti, naona kama ni kweli."

"Sikiliza. Kisu haina roho. Kisu iko na bega. Kuja hapa nikuonyeshe."

Alichukua maka, ile kalamu nene ya kuandikia magunia. Akapaka wino mweusi kwenye makali pande zote mbili, kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha. Halafu akatoa jiwe kwenye sanduku la mbao. Lilikuwa la pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa kukwaruza, upande mwingine laini kama ulimi wa mbwa. Akadondosha matone ya mafuta ya cherehani juu ya upande wa kukwaruza. Akapitisha kisu mara tatu.

"Angalia sasa. Wino imetoka wapi?"

Maximilla aliinama. Wino ulikuwa umetoka juu ya makali, kwenye sehemu nene. Kwenye makali yenyewe ulikuwa bado mweusi.

"Imetoka hapa juu."

"Hapo ndipo naita bega. Mzee wako alikuwa analaza hiyo kisu iwe nyembamba kama jani. Walubengo akaiinua juu, akanoa kama panga. Panga inataka makali nene, kwa sababu inapiga. Kisu ya kukata kitu laini inataka nyembamba. Sasa kila Jumapili bega inakuwa nene. Ukinoa vizuri siku moja, jiwe inasugua bega tu, makali haijaguswa. Ndio maana unasema imekataa. Haijakataa. Haujafika kwake."

"Na hii bluu?"

Mama Ciku alifyonza meno. "Hiyo ni moto. Mashine ikizunguka kavu, chuma inachomeka. Ikishakuwa bluu imelainika. Unanoa leo, kesho imelala. Hapo hakuna dawa. Lazima itolewe yote."

"Ncha yote?"

"Yote yenye bluu."

Maximilla alitazama ncha ile. Alikumbuka baba akiinua ganda nayo, kidogo sana, kama mtu anayefungua bahasha ya mwenzake.

"Ikitolewa, kisu kitakuwa tayari Jumamosi?"

"Ukifanya wewe mwenyewe, itakuwa tayari. Mimi niko na milango sita."

Basi akaanza. Mama Ciku alimwonyesha jinsi ya kupata mlalo wa kisu bila kipimo chochote.

"Simamisha kisu wima juu ya jiwe. Umesimamisha? Sasa laza nusu. Sawa. Laza tena nusu ya hiyo iliyobaki. Sasa shusha kidogo tu, kidogo kama chumvi. Hapo. Hapo ndipo nyumbani. Usitoke."

"Nasukuma ama navuta?"

"Sukuma mbele kama unataka kuchuna jiwe ngozi. Anza karibu na mpini, maliza kwenye ncha. Usikandamize. Na vidole mbali, hiyo kisu haina kufuli. Ikijikunja ni wewe utalia, si mimi."

Jioni ya kwanza ilikwisha kwa ile bluu tu. Maximilla alisugua ncha kwenye upande wa kukwaruza, akaongeza mafuta, akafuta tope jeusi la chuma kwa kitambaa. Kisu hakikupata moto hata mara moja. Giza lilipoanza kuingia, bluu ilikuwa imekwisha. Ncha pia.

Alhamisi alirudi. Aliketi kwenye kigoda, jiwe mbele yake limezuiliwa na vipande viwili vya mbao lisiteleze. Alipaka wino, akasukuma. Swii. Swii. Nje mvua nyepesi ilianguka juu ya mabati. Harufu ya msonobari uliolowa ilijaa karakana. Swii. Swii. Maximilla akaanza kuondoka bila kuinuka. Akawa kwenye vitalu vya Moi's Bridge, msichana wa miaka tisa, miche imepangwa mpaka upeo wa macho, na mtu fulani mwishoni ameinama, hageuki.

"Umelala?"

Maximilla alishtuka.

"Mkono yako imepanda," Mama Ciku alisema, bila kuacha randa yake. "Nimesikia kutoka huku."

"Umesikia?"

"Kwani masikio ni ya hereni peke yake? Kisu ikilala sawa, inaimba wimbo moja. Ukiinua, sauti inakuwa kali. Ukilaza sana, inakuwa nzito. Funga macho. Ota vile unataka, lakini sikio iache kwa jiwe."

Maximilla alifumba macho. Swii. Swii. Akaiacha akili iende ilikotaka. Sauti ilipobadilika, mkono ukajirudisha. Baada ya muda hakuwa akiufikiria mkono tena. Alikuwa Moi's Bridge na alikuwa Kimumu, na sauti ilikuwa moja. Ndipo akaelewa kwamba baba naye hakuwa akiangalia jiwe. Alikuwa akinoa huku akitazama mbali, na watoto walidhani anawaza pesa.

Alipofumbua macho, wino ulikuwa umetoka mpaka kwenye makali.

"Nimefika!" akasema, akageuza kisu upande wa pili.

"Ngoja! Umeshika nywele?"

"Nywele gani?"

Mama Ciku alikuja. Akaweka kidole gumba kwenye mgongo wa kisu, akakiburuta kuelekea makali, kisha nje. "Unapita hivi, kutoka mgongo kwenda nje. Usipitishe kidole kwa urefu ya makali, utajikata. Sasa jaribu. Ukinoa upande moja mpaka mwisho, chuma nyembamba inajikunja upande ya pili. Ni ndogo kama unywele. Haionekani, lakini kidole inaisikia."

Maximilla alijaribu. Katikati alihisi mkwaruzo mdogo. Karibu na mpini hapakuwa na kitu.

"Huku hakuna."

"Basi huku haujamaliza. Wengi wanakosea hapo. Wanahesabu, upande huu kumi, upande ule kumi, wanasema wamenoa. Jiwe haijui kuhesabu. Nywele ikitoka kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndipo unageuza."

Alirudi kwenye jiwe. Kwa haraka ya kukimbizana na giza, kisu kiliteleza kikamgusa kidole cha shahada. Damu ilitoka. Mama Ciku aliosha kile kidonda, akakifunga, akamfukuza aende nyumbani.

Ijumaa, Walubengo alimfuata. Alisimama mlangoni mwa karakana na mikono nyuma.

"Karibu, mchimba choo," Mama Ciku akasema.

"Mama Ciku, mimi nimekuja kwa amani."

"Umekuja kuona mke wako akifanya kazi ya wanaume?"

"Nimekuja kuona kama atabakisha kisu. Nasikia imebaki ya kupaka siagi."

Lakini alikaa. Alimtazama Maximilla akinoa upande wa pili mpaka nywele ikatoka yote. Alimtazama akigeuza jiwe, akipitisha kisu kwenye upande laini, pole pole, kila mpigo mwepesi kuliko uliotangulia. Mara moja upande huu, mara moja upande ule. Hapo ndipo kugeuza kila mara kunafaa, mwishoni, nywele inapokuwa ikiondolewa. Walubengo alijishika bega. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa nasukuma na mabega."

"Ndio maana kisu nayo ikaota bega," Mama Ciku akamjibu. "Toa mkanda."

"Eh?"

"Mkanda ya suruali. Ni ngozi?"

"Ni ngozi. Ni ya harusi, hii."

"Basi harusi ilikuwa nzuri. Leta hapa."

Ulikuwa umechakaa na mrefu kupita kiasi, kwa maana Walubengo alikuwa amekonda tangu harusi. Mama Ciku alikata mwisho wake, akaugundisha kwenye kipande cha mbao, upande wa ndani ukiwa juu. "Hapa usisukume mbele, utakata ngozi. Vuta nyuma, mgongo ukitangulia. Mara kumi na tano kila upande. Hii inatoa ile nywele ya mwisho isiyoonekana."

Maximilla alivuta. Ngozi haikuimba kama jiwe. Ilipumua tu. Alipomaliza, alitaka kujaribu kwa kidole gumba, kama Walubengo alivyozoea, lakini Mama Ciku alimpiga kofi dogo mkononi na kumpa karatasi ya gazeti. Maximilla aliishika hewani kwa mkono mmoja, akaigusisha makali. Karatasi ilifunguka. Kipande cha chini kilishuka polepole katika mwanga wa jioni, kikageuka mara mbili, kikatua juu ya takataka za mbao. Wote watatu walikitazama.

"Hiyo ndiyo kisu," Walubengo akasema.

Jumamosi saa moja vikonyo vilifika, vimefungwa kwenye gazeti lenye unyevu. Maximilla aliingia chini ya neti. Alipangusa kisu kwa spiriti kabla ya kila mche, ili ugonjwa wa mmoja usiende kwa mwingine. Akakata cha kwanza. Kisu kilipita chenyewe. Alama ya mkato iling'aa, laini na bapa, kama kioo kilicholoweshwa. Hapakuwa na hata uzi mmoja.

Alitaka kumwita mtu aone. Hakumwita. Aliingiza kabari kwenye mpasuko, akafunga utepe, akachukua mwingine. Kila baada ya miche ishirini alipitisha kisu kwenye ile ngozi. Ilipofika alasiri, mwanga wa kijani ulikuwa umemzunguka mpaka hakujua kama ameketi au anaelea. Miche sitini ilikuwa imekwisha. Alikipangusa kisu kikakauka, akadondosha tone moja la mafuta kwenye kiungo cha kukunjia, akakifunga.

Wiki tano baadaye, Bwana Isaiah alikuja kutoka Moiben na pikapu. Alikuwa mkulima wa maneno machache. Alipita kati ya miche akiinama, akigusa majani mapya ya rangi ya shaba kwa kidole kimoja. Miche hamsini na mitano ilikuwa imeshika. Mitano tu ndiyo iliyokauka.

"Mara hii umefanya nini?" akauliza.

"Nimenoa kisu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Isaiah aliguna. Akapakia miche yote iliyoshika, kisha akaagiza mia moja ya msimu ujao. Akiwa mlangoni pa gari aliuliza tena. "Kunoa kisu ni gharama gani? Yangu nayo imekufa."

Maximilla alifikiri. Hakutaka kumdanganya, kwa hiyo alihesabu kwa vidole. Jioni tatu. Chupa moja ndogo ya mafuta ya cherehani, na imebaki nusu. Shibiri moja ya mkanda wa harusi. Kidonda kimoja cha kidole, kilichopona kwa wiki moja. Na ncha ya kisu cha baba, urefu wa punje moja ya mchele, ambayo hakuna jiwe litakaloirudisha.